Dkt. Lukresia Nyamizi na Mbu Wenye Chapa

Baba Paroko, ndugu na majirani, Tumsifu Yesu Kristo. Familia ya hayati katekista Mayala inaomba mvumilie kidogo, maana mmechoka, na mama wa marehemu amechoka zaidi.

Dkt. Lukresia Nyamizi Mayala alizaliwa tarehe 14 Machi 1950 hapa kijijini Nyasalu, jirani na Migato, katika wilaya ambayo leo ni Bariadi, mkoani Shinyanga, akiwa mtoto wa kwanza wa katekista Mayala na mkewe Nyanjige, akabatizwa Pasaka ya mwaka huohuo.

Alianza shule Migato mwaka 1958, akaendelea Maswa, kisha sekondari Mwanza hadi 1971, na mwaka 1975 akahitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika elimu ya wanyama. Tarehe 5 Novemba 1977 alifunga ndoa na Bwana Joakim Maige, karani wa stesheni ya reli Malampaka, wakajaliwa watoto wawili, Justina mwaka 1978 na Salu mwaka 1985.

Kati ya mwaka 1980 na 1984 alikuwa masomoni Ujerumani, akichunguza mabaki ya dinosaria wenye manyoya, wanyama wa kale sana waliobaki kama alama ndani ya mawe, na Justina akalelewa na bibi yake. Mama Nyanjige alipoonyeshwa picha ya jiwe lenye alama za mabawa alisema huyo ni kuku tu, jamani, na watani wakadai aletewe mapaja yake likizo ijayo. Baba yake, ambaye Mungu alimwita mwaka 1989, alimuuliza mnyama huyo aliumbwa siku ya ngapi, naye akajibu kwamba anamjua aliyemuumba, siku haijui, na mzee akaridhika.

Juni 1993, katika mageuzi haya ya uchumi, taasisi aliyoitumikia Dar es Salaam ilipunguza watumishi, naye akiwa mmoja wao akarudi nyumbani, akapata kazi katika mradi wa kufuatilia mbu waenezao malaria. Jicho lililozoea alama za manyoya kwenye mawe likahamia kwenye madoa ya mabawa ya mbu. Aliwanasa mbu katika nyumba zetu, akawapaka unga mwekundu, akawaachia kwenye majaruba ya mpunga, ili akiwanasa tena ajue wameruka hadi wapi, na watu walipouliza unga ule ni wa nini, aliwaambia ni chapa, kama tunavyowatia chapa ng'ombe.

Aprili 1994 jirani yetu Luhaga alifiwa na binti yake Martha kwa homa, na ukutani mwa nyumba yake akaonekana mbu mwekundu. Katika mkutano wa kijiji Luhaga alisimama akasema, "Dada, chapa umeitaja wewe mwenyewe. Ng'ombe wenye chapa yangu wakila mtama wako, utamdai nani?" Marehemu alieleza kwamba mbu hao hakuwafuga, aliwatoa katika nyumba hizihizi, lakini alieleza akitabasamu, kama alivyozoea kuwaeleza wanafunzi, mbele ya mtu aliyetoka kuzika. Akatozwa dume la ng'ombe, akakataa, akisema akilipa atakuwa amekiri kuua mtoto, na nyumba yetu ikatengwa.

Mzigo huo aliubeba mama. Kisimani aliwaamkia wenzake "wangaluka" na hakuitikiwa, moto hakuombwa wala hakupewa, na alimwambia binti yake, "Ng'wanone, mwanangu, wewe una kazi yako. Mimi siku yangu ikifika atanizika nani?" Marehemu akaendelea na kazi, na mwaka 1995, kutokana na matokeo yake, vyandarua vyenye dawa vililetwa kijijini, watu wakavipokea kwa muuguzi, si kwake.

Oktoba 1996 aligundulika na saratani ya titi, akatibiwa hospitali ya Somanda na baadaye Mwanza, akapokea sakramenti ya wagonjwa, na Jumanne tarehe 12 Agosti 1997, alfajiri, akafariki dunia.

Bwana Joakim alitaka azikwe Malampaka, ambako watu wa kuzika wapo, lakini mama akasema, "Atazikwa hapa, hata kama tutachimba wenyewe." Jana mchana Joakim na shemeji yake wakaanza kuchimba, wawili tu, mama amekaa chini anawatazama. Ndipo Luhaga akaja na jembe begani, akachungulia, akasema, "Toka humo, mtu wa treni. Hili ni kaburi au shimo la viazi?" Akashuka. Akamwambia mama, "Yale mengine bado yapo, mama, tutayaongea. Leo tunachimba." Nyuma yake wakaja wengine.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Somanda na Mwanza, wafanyakazi wenzake wa mradi, wenzake Joakim wa reli, Baba Paroko na wanajumuiya. Ninyi majirani wa Nyasalu, mama ameagiza mtajwe mwisho, kwa kuwa ninyi ndio aliowasubiri miaka yote hii, na anasema asanteni kwa kuja, na karibuni tena hata bila msiba.

Nyamizi, kazi umeifanya na umechoka. Pumzika kwa amani ya Bwana.