Pampu Mbili za Marehemu Adrian Kathuri

Marehemu Adrian Kathuri alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 huko Mitunguu, Imenti Kusini, kifungua mimba wa mama yetu Peninah. Mimi Kiunga, ninayesoma haya, ni mdogo wake. Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani, akamaliza kidato cha nne mwaka 1975.

Kwa miaka kumi na tisa aliuza dawa za kuulia wadudu wa mimea katika duka moja mjini Meru. Mwaka 1984 alimwoa Lydiah Ruguru kutoka Runyenjes, Embu. Lydiah husema kwamba siku ya kwanza walipokutana, Kathuri alikagua majani ya miparachichi ya baba mkwe kabla hajawasalimu wazee, na wazee wakamshuku kuwa amekuja kununua shamba.

Alipostaafu alipanda mipapai. Utitiri, vile vijidudu vyekundu vinavyonyonya majani, vikamsumbua. Alipiga dawa kila wiki, navyo vikazidi. Mwaka 2018 alitoka mafunzoni na chupa za unga wa mbao, ndani yake utitiri wa aina nyingine unaokula ule mwekundu. Aliumwaga juu ya majani, na dawa akawa anapiga mti mmoja mmoja, ule tu uliozidiwa. Aliwaita wadudu hao askari wake. Kijiji kizima kilimshuku. Mtu aliyeuza dawa maisha yake yote, sasa analeta wadudu kwa chupa? Wengine walisema anatumwa atuharibie mashamba. Mimi nilisema ameuziwa takataka za seremala. Lakini mipapai ikapona.

Kisha Agosti 2021 askari wote wakafa kwa wiki moja. Utitiri mwekundu ukarudi, majani yakakauka, na msimu mzima wa mapapai ukapotea. Kathuri alimshuku jirani yake, Mzee Runji. Nilikuwepo alipomkabili pale mpakani mwa mashamba yao.

"Kathuri, mimi sijapiga dawa tangu mvua ikatike," Runji alisema.

"Kwani wadudu wangu waliuawa na nini? Baridi?"

Baridi, na joto lote hili la Mitunguu! Hawakusalimiana tena kwa karibu miaka miwili, hata kanisani. Nami nilimsaidia ndugu yangu kumchukia Runji, tena kwa bidii.

Aprili 2023 Kathuri alisimama mbele ya wazee wa kanisa akamwomba Runji msamaha. Hakueleza sababu. Jioni hiyo nilimuuliza, "Kwani ulijua ni nani?" Akanijibu, "Kiunga, kunywa chai." Mwezi huohuo alinunua pampu mpya ya kunyunyizia dawa, na tangu hapo nikija kuazima alinipa hiyo tu. Niliona anajidai.

Mwezi wa Januari mwaka huu wa 2025 miguu yake ilivimba, akalazwa hospitalini Meru, ikagunduliwa ni moyo. Mlionong'ona kwamba wadudu wa chupa walimwingia kifuani, nimewasikia, na ninawaambia ni uongo. Alituaga tarehe 9 Juni alfajiri, Lydiah akiwa amemshika mkono.

Juzi tulipopanga stoo yake, nilipindua ile pampu mpya. Chini ya kitako imeandikwa kwa rangi: "Ya Kiunga." Ile kuukuu imeandikwa: "Ya mbolea. Isitoke." Daftari lake la shamba lilikuwa karibu. Nikatafuta Agosti 2021. "Jumatatu, pampu kwa Kiunga. Jumatano, kunyunyizia mbolea ya majani, mipapai yote." Jumatatu hiyo nilipiga nyanya zangu dawa kali, nikairudisha pampu bila kuiosha. Kathuri alijua, akaniachia heshima yangu miaka miwili.

Mzee Runji, uko hapo mbele. Si wewe uliyeua wadudu wake. Ni mimi. Mbele ya watu hawa wote naomba unisamehe, kwa sababu yeye hakutaka kunitaja.

Marehemu amemwacha mkewe Lydiah, binti zake Lenah Kananu na Maxine Gatakaa, wajukuu wanne, na mimi. Mungu ampokee na ampumzishe kwa amani.

Kathuri, lala. Pampu nimeiosha.