Hodi ya Kila Asubuhi

Jambo la mwisho la kawaida jioni ile ni Kinyozi kupangusa benchi kwa taulo lile lile alilofutia shingo za wateja. Wakakaa: Kinyozi mwenyewe, Wakili ambaye mahakama aliijua kwa nje tu, na Injinia, mtunza kompyuta wa bohari ya dawa. Tangu amzike mkewe, aliyekuwa karani wa bohari hiyo hiyo, Injinia alikuja kunywa kahawa na kuitikia salamu, basi. Leo akafungua kinywa.

— Ile seva yetu, kompyuta kubwa inayotunza hesabu za dawa, kila asubuhi nikiiwasha kuna kitu kinajaribu kuingia. Kinakataliwa. Kinarudia, kinarudia, kisha kimya. Bosi kasema kesho nikifute, ama ataleta mtu wa nje akifute.

— Nywila umebadilisha? — aliuliza Wakili.

— Zote.

— Hapo ndipo ulipoharibu! Umebadilisha kitasa, mpangaji analia nje. Haraka haraka haina baraka.

— Haraka imeingiaje hapo? — aliuliza Kinyozi.

— Itaingia tu.

— Mimi nasema ni baridi, — aliendelea Kinyozi. — Mashine yangu ya kunyolea ikilala na baridi, asubuhi hainitambui hata mimi. Ifunike blanketi. Samaki mkunje angali mbichi.

— Blanketi! — alisema Wakili. — Huyo ni mwizi, bwana. Anavizia mashine inapoamka, usingizi haujaitoka machoni.

— Mwizi gani anafukuzwa leo, kesho anarudi na adabu zake?

— Mwizi mchumba, — alidakia muuza kahawa.

Wakacheka. Injinia naye nusura acheke.

Mama mmoja mgeni, aliyesimama akingoja kikombe chake, akauliza:

— Samahanini, baba zangu. Huyo anayepiga hodi ni nani?

Benchi zima likamgeukia Injinia.

— Anatumia jina la mke wangu. Akaunti yake ilifungwa wiki ile ya mazishi. Kompyuta yake kapewa mwingine, nayo nimeikagua. Sijui hodi inatokea wapi.

Kinyozi akaacha kutafuna kijiti chake.

— Pole sana, baba, — alisema yule mama. — Na anataka nini?

Wakili alitafuta methali, akaikosa. Muuza kahawa akainamisha birika. Halikutoa hata tone.

Kesho yake asubuhi Injinia hakuhangaika tena na wa nje. Alipekua kazi zilizopangwa kuanza seva inapoamka, na humo ndani akaikuta moja yenye jina la mkewe: kuorodhesha dawa zinazokaribia kuisha muda. Bohari nzima ilidhani orodha ile mkewe alikuwa akiiandika kwa mkono wake kila siku.

Hakuifuta. Penye jina la mkewe akaweka lake, akaizima seva, akaiwasha. Hodi ikapigwa mara moja, ikaitikiwa. Printa ikatoa karatasi. Juu kabisa, kabla ya dawa ya kwanza, mkewe alikuwa ameandika: "Mmeamkaje? Kunyweni chai kwanza."

Injinia akaenda kubandika maji.