Aliyeingia Kwanza

Ndugu waombolezaji, jamaa, majirani, na nanyi mliotoka Ikulu mliosimama kule ukutani, mimi ndiye kifungua mimba wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Salama.

Baba alizaliwa tarehe 3 Machi 1952, katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la ushonaji la babu, akiwa mtoto wa nne, na shangazi aliyekaa hapo mbele anatuambia kwamba alikuwa mtoto asiyeogopa giza, ndiyo maana kila walipotaka kitu kutoka stoo, yeye ndiye aliyesukumwa mbele.

Alianza shule ya msingi Januari 1960, masomo akayamaliza mwaka 1967 baada ya hesabu kumpiga chenga, akajifunza upishi, na tarehe 1 Juni 1970 akaajiriwa katika jiko la Ikulu, ambako alisifiwa kwa mkono wake mwepesi na mdomo wake mzito.

Tarehe 14 Agosti 1974 Mkuu alishika kijiko mezani, akakirudisha, akamwambia baba, “Hebu onja wewe kwanza,” baba akaonja, akangoja kidogo, akasema, “Ni salama, Mkuu,” na upishi wake ukaishia hapo. Hofu ya mkubwa haishibi, kwani baada ya chakula kilifuata kiti, kisha kitanda, kisha gari, kisha viatu vipya ambavyo baba alivivaa hadi vikamchubua vidole, na mwishowe kila chumba, ambamo baba aliingia peke yake, akafunga mlango, akakaa kimya, kisha akatoka na kusema maneno yaleyale. Mtu ambaye nchi nzima ilitetemeka akikunja uso, hakuthubutu kwenda msalani kabla baba yetu hajatoka, na msicheke, maana waliowahi kucheka hatujui walipo.

Tarehe 20 Desemba 1975 alifunga ndoa na mama, wakajaliwa watoto wanne, nasi tulimzoea baba anayesimama katikati ya chumba chetu cha kulala, akinusa hewa, akisema “ni salama” bila kuulizwa, huku mama akimtania, “Baba watoto, humu hamna Mkuu, keti ule.” Lakini kuna jambo ambalo mama hakulitania kamwe. Kwa kuwa Mkuu alikaa pale tu baba alipokwisha kukaa, na kulala kwenye bonde ambalo ubavu wa baba ulikwisha kulichimba godoroni, taratibu alianza kuinamisha bega kama baba, akakohoa kikohozi cha baba, hata mama akikutana na picha ya Mkuu kwenye kuta za ofisi alikuwa akiinamisha macho, kwa sababu aliyemtazama pale alikuwa mumewe.

Mwaka jana Mkuu aliugua tumbo, madaktari wakashauri apasuliwe, naye akasema atangulie yule wa siku zote, hivyo tarehe 9 Februari mwaka huu baba, ambaye hakuwa na ugonjwa wowote, alilazwa na kupasuliwa mahali palepale ambapo Mkuu angepasuliwa. Alipozinduka alisema kwa sauti ya chini kwamba ni salama, Mkuu akapasuliwa, akapona, lakini kidonda cha baba hakikufunga, na tarehe 2 Juni, saa kumi na moja alfajiri, akakata roho mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama. Imetuuma, na itaendelea kutuuma.

Jana wajumbe walileta jeneza pana lililochongwa kwa vipimo vya Mkuu, wakaomba baba alazwe humo, kisha mimi nikae kando ya kaburi hadi nitakapomsikia baba akisema ni salama, na kesho nianze kazi yake. Familia imekataa yote. Baba amelala katika jeneza la seremala jirani yetu, na lile la Ikulu liko uani, wazi, likingoja.

Tunawashukuru madaktari, waliofanya walichoamriwa, na hasa muuguzi aliyelia, tunawashukuru majirani waliopika na kukesha nasi, na wafanyakazi wenzake wa jikoni, ambao leo wamekuja ingawa wanajua gharama yake.

Wale mnaogeuka nyuma mmeshamwona, Mkuu mwenyewe amesimama pale mlangoni tangu nilipoanza kusoma, bega limeinama, na japokuwa sote tumo humu ndani na tu wazima, hawezi kuvuka kizingiti, kwa sababu sauti anayoingoja haijatoka.

Baba, atakuita. Safari hii usimjibu. Pumzika kwa amani.