Makucha ya Cheche

Benchi letu liko barazani kwangu, nje ya duka langu la kushona nguo, na mguu wake mmoja umewekewa tofali. Jumapili ile jioni tulikuwa wanne na kila mmoja amechoka kivyake. Cheche, mchomeaji wa vyuma wa karakana ya jirani, alikaa pembeni, grisi imempanda mpaka viwikoni, kahawa imempoa mkononi. Jana yake, mbele ya wafanyakazi wote wa kiwanda cha mbao, makucha ya chuma aliyoyaunda ili trekta linyanyue magogo yaliliachia gogo likiwa hewani. Hakuumia mtu. Lakini kazi ilisimama kiwanda kizima, maana gogo lililodondoka namna hiyo msimu wa mvua uliopita ndilo lililoondoka na mguu wa kushoto wa mdogo wake Cheche.

— Trekta lako limezeeka, Cheche alisema, bila hata kugeuka.

Aliyekuwa anaambiwa ni Gia, dereva wa trekta hilo. Akaruka kama kamwagiwa kahawa.

— Limezeeka? Mimi nimekaa pale juu, magurudumu ya mbele yako hewani, nimening'inia kama shati kwenye kamba, halafu unaniambia trekta limezeeka? Umefunga chuma chote kile nyuma, ukaongeza na gogo, ulitaka pua ibaki chini kwa adabu?

— Ningeweka uzito mbele.

— Ungeweka. Hukuweka.

— Sikuweka, Cheche alikubali.

Bwana Mita akakohoa. Huyu alikuwa msomaji wa mita za maji mpaka alipostaafu, na tangu hapo kila jambo duniani kwake linaanzia kwenye maji.

— Nyie mnahangaika bure. Gogo lile lilikuwa bichi. Bichi maana yake nini? Maji. Mimi maji nayajua. Gogo likiinuliwa, maji yote yanakimbilia upande mmoja. Pale lazima liteleze.

— Mzee, maji ya kwenye mti yanakimbia? niliuliza.

— Sasa yakae tu yanamtazama nani?

Gia hakukubali kuachwa nyuma.

— Basi na mimi niseme langu. Trekta lile lilinunuliwa kutoka shambani. Limelima maisha yake yote. Leo mnalipeleka kwenye magogo. Lina kinyongo. Nikitia gia ya kwanza nalisikia kabisa linanung'unika.

— Hilo ni bomba la moshi, limetoboka, Cheche alisema.

— Limetobolewa na kinyongo!

— Hapana, Bwana Mita akadakia, sasa kapandisha sauti. Tatizo ni mlima. Gogo lile lilitoka mlimani, si ndiyo? Mliliinua likiwa limeelekea wapi? Mlimani. Kitu kinapajua kwao, bwana. Lilikuwa linarudi nyumbani.

Siku nyingine tungecheka mpaka muuza kahawa atukemee. Siku hiyo Gia alitabasamu nusu, akaishia hapo. Cheche aliweka kikombe chini, akanyanyua mikono yake miwili, akakutanisha ncha za vidole.

— Angalieni. Nimeyatengeneza hivi. Ncha inakutana na ncha. Gogo nene linakaa, sawa. Gogo jembamba linacheza humo ndani, trekta likitikisika tu linachomoka. Yanatakiwa yafanye hivi. Akapitisha vidole vya mkono mmoja katikati ya vidole vya mwingine, akabana. Yapishane. Hapo hata kijiti hakitoki.

— Kumbe unajua, nilisema.

— Nimejua jana ileile, gogo halijafika chini. Lakini kupishanisha maana yake nikate yote nianze upya. Zile ni springi za lori, fundi. Kuzipinda tu nimelala karakana wiki nzima. Na mwenye kiwanda kasema nipeleke Jumamosi mara moja tu, yakiachia tena nisikanyage kwake.

— Si uache basi? Gia alisema, safari hii kwa upole. Vijana wataendelea kubeba kwa mikono kama zamani.

— Kama zamani ndiyo nini, Gia? Wewe ndiye ulimkimbiza hospitali. Uliona mwenyewe.

Gia akaukunja mguu wake chini ya benchi.

— Halafu siyo magogo tu, Cheche aliendelea. Makucha yakikubali, mwenye kiwanda ananunua trekta la pili. Dogo ndiye ataliendesha, nimeshamwombea. Hata klachi nimeshaifikiria, naitoa chini, naifungia wenzo wa mkono. Atakanyaga breki kwa mguu uliobaki, klachi atavuta kwa mkono. Atakuwa amekaa juu kabisa, gogo halimfikii. Atarudi kazini, mtu miongoni mwa watu.

Alipokuwa anasema hayo alikuwa ameupa uchochoro mgongo. Sisi tulikuwa tumeshamwona mdogo wake anakuja taratibu na mkongojo, na hakuna aliyemkonyeza Cheche. Tangu atoke hospitali kijana alikuwa hajafika barazani kwangu. Alisimama nyuma ya kaka yake, jasho linamtoka.

— Kaka.

Cheche aligeuka, akainuka haraka.

— Dogo! Umetembea mwenyewe mpaka hapa? Kaa, kaa. Nilikuwa nawaambia hawa habari ya trekta.

— Nimesikia. Na nyumbani shemeji kaniambia. Kiwandani nako wamenitumia salamu, karibu tena. Akajiweka sawa kwenye mkongojo. Kaka, mimi uliniuliza lini?

Bwana Mita alianza kumsogezea nafasi kwenye benchi, kijana akakataa kwa kichwa.

— Nikisikia msumeno ule wa kiwandani kutoka nyumbani, kijana alisema, nafunga dirisha. Mchana, jua kali, nafunga dirisha. Wewe unataka nikakae karibu nao kila siku. Yatengeneze makucha yako, kaka, wale vijana wanayahitaji. Lakini usiseme ni kwa ajili yangu.

Cheche alijipangusa mikono kwenye suruali, grisi ikahamia huko na mikono haikutakata.

— Sikukuuliza, alisema. Kweli. Nilidhani nikichelewa utazama kwenye huzuni. Basi nakuuliza sasa. Unataka kufanya nini?

Ni swali la kawaida kabisa. Kijana alifungua mdomo, akamtazama Gia, akanitazama mimi, kama vile mmoja wetu amelishika jibu lake.

— Sijui, kaka, alisema. Bado sijui.

Jumamosi iliyofuata makucha yalipishana na gogo likashikika, Gia akiwa kwenye usukani na mifuko ya mchanga imefungwa kwenye pua ya trekta. Lakini jioni ile ya Jumapili hatukuyataja tena. Cheche alisogea, mdogo wake akakaa, akanyoosha mguu wake barazani, na tukamwacha apumzike.