Yordani Mhina Hakuacha Kazi kwa Hiari

Marehemu Yordani Mhina alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 kijijini Kwaluguru, Handeni, akiwa mtoto wa tatu wa wakulima wa mahindi. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka 1960 hadi 1966. Alikuwa na kigugumizi kikali, na zamu yake ya kusoma kwa sauti ilipofika, mwalimu alikuwa akimruka. Yeye alisimama hivyo hivyo, akasoma mpaka mwisho wa ukurasa, wenzake wakicheka hadi wakachoka.

Mwaka 1970 aliajiriwa katika karakana ya shamba la mkonge, Korogwe. Huko alijifunza kutengeneza korona, ile mitambo ya kukamua majani ya mkonge, pamoja na pampu zake za maji.

Tarehe 9 Oktoba 1976 alifunga ndoa na Agripina, kanisani Korogwe mjini. Kiapo kilimkwama. Padri akaanza kumsaidia maneno, Agripina akamkatiza: "Padri, mwache. Atafika." Alifika, ingawa wapishi walituma mtu kuuliza kulikoni. Walijaliwa watoto wanne.

Juzi uongozi wa shamba ulileta shada la maua pamoja na sentensi ya kuchapwa hapa: "Mwaka 1994 aliacha kazi kwa hiari yake." Kwa maua, familia inashukuru. Sentensi imerudishwa. Yordani hakuacha kazi. Alifukuzwa, na ilikuwa hivi.

Shamba lilipobinafsishwa, tajiri mpya alinunua ndege ndogo iliyokwishatumika, na Yordani akapewa kazi ya kuihudumia. Mwanzoni mwa 1994 ndege ikaanza kusumbua. Kwa resi ya chini inanguruma vizuri kabisa. Rubani akisukuma mafuta hadi mwisho, injini inasita, inakohoa, inakosa nguvu. Fundi aliyeletwa kutoka Dar es Salaam alibadilisha plagi, akasafisha kabureta, akamwaga mafuta yote na kujaza mengine. Akaiwasha, ikanguruma, akapanda basi kurudi kwao. Resi ya mwisho hakuijaribu.

Asubuhi ya tarehe 9 Februari, Leboo, mfugaji wa upande wa Handeni, alifika kwenye uwanja wa ndege wa shamba na mkewe Nalotuesha pamoja na muuguzi Mashavu. Ilikuwa siku ya pili ya uchungu, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Daktari wa upasuaji alikuwa Moshi. Meneja akampa Yordani daftari la ndege atie saini kwamba ni nzima. Akakataa.

"Wewe fundi wa korona, ndege umeijulia wapi?" meneja alifoka.

"Ina ki-kigugumizi," Yordani alijibu. "Hicho nakijua."

Watu wakaangua kicheko. Leboo hakucheka; alimkunja shati. "Mzee, unamzuia mke wangu asipone?"

"Namzuia asianguke. Nipe nusu saa."

Baadaye alimwambia Agripina kwamba aliogopa, maana kama alikosea, mama yule angefia pale uwanjani mikononi mwake. Alifungua kifuniko cha injini, akamwomba rubani Ukasha akaze breki na kusukuma mafuta yote, naye akachungulia kwa pembeni, nyuma ya panga linalozunguka. Akauona ugonjwa. Mpira unaopeleka hewa kwenye kabureta, ulionunuliwa kwa bei chee enzi zile za ruksa, kila bidhaa ilipoingia nchini, haukuwa na waya ndani. Injini ikivuta hewa nyingi, mpira unajibana kama koo. Ukipunguza resi unafunguka tena, ndiyo maana hakuna aliyeushuku. Jamani, mtu yeyote wa pampu anajua kwamba mpira wa kuvutia maji lazima uwe na waya! Yordani alikata kipande cha mpira wa pampu ya korona, akakifunga, na ndege ikapigwa resi ya mwisho mara mbili bila kusita. Hapo ndipo alipotia saini. Ukasha akawarusha Nalotuesha na Mashavu, na mtoto, Neema, alizaliwa Moshi mchana wa siku hiyo hiyo.

Tarehe 21 Februari Yordani alipewa barua: amefukuzwa kwa kukaidi amri na kufunga kifaa kisicho cha ndege. Mwaka 1996 wakamwita arudi, ila kwanza asaini kwamba alikosea. Thubutu! Aligeuza baiskeli, akarudi kwenye gereji yake ndogo ya Kabuku, akaendelea na malori ya watu.

Novemba 2000 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Alilazwa Korogwe mara mbili, na huko wodini alitengeneza feni iliyokuwa imekufa, wauguzi wakimgombeza arudi kitandani. Alifariki nyumbani kwake Chanika, Handeni, Jumamosi tarehe 2 Juni 2001, saa nne asubuhi, Agripina akiwa amemshika mkono.

Marehemu ameacha mjane, Agripina. Watoto wanne, akiwamo Rosa anayesoma wasifu huu. Na wajukuu wawili. Na kwa kuwa hapa hutajwa waliobaki, familia imeongeza waliobaki kwa sababu yake: rubani Ukasha, muuguzi Mashavu, Nalotuesha, na Neema mwenye miaka saba. Wote wamekuja.

Mungu ampokee fundi wetu na kumpa pumziko. Nanyi wanne mliobaki kwa sababu yake, tafadhali simameni, wageni waliotoka uongozi wa shamba wawaone.