Mzee Kamis na Walinzi wa Mlango wa Wakubwa

Wasikilizaji wapendwa, ni mimi Shifa, na leo sina utani. Mzee Kamis Jibril wa Kawempe ametutoka. Mwalimu wa historia, yule aliyekuja hapa studio akanikatiza kabla sijamaliza swali. Amezikwa Ijumaa kule Bombo, karibu na wazee wake.

Mzee Kamis alikuwa Mnubi. Wazee wake walikuwa askari kutoka Sudan, wakaletwa hapa na Waingereza. Maisha yake yote aliuliza: kwa nini tuliletwa sisi? Wengi walimwona anachosha. Mimi pia, jamani, mpaka siku aliponialika kula gurusa, ile chapati laini ya Kinubi.

Akavuta sinia. Akaweka kikombe: hii India, utajiri wa Mwingereza uko hapa. Akaweka kijiko: huu Mfereji wa Suez, njia yake ya kwenda India. Ili aulinde mfereji, akaikalia Misri. Misri inaishi kwa maji ya Nile. Na Nile inatokea wapi? Kwetu, Jinja. Mwingereza akaogopa Mfaransa asije akamtangulia huku juu. Nasema tena, wapendwa: watu wa London waliogopa kuipoteza India, na babu zake Mzee Kamis wakajikuta Uganda na bunduki begani.

"Taifa kubwa halikupendi wala halikuchukii," aliniambia. "Linakusimamisha mlangoni. Siku likibadili njia, linasahau kwamba uko pale."

Aliyaona mwenyewe. Mwaka wa sabini na tisa, serikali ilipoangushwa na Wanubi wakawindwa kama watu wake, alikimbilia Sudan na mama yake. Waingereza? Kimya.

Sasa sikilizeni linaloniogopesha. Mjukuu wake, Husnah, alipata kazi ya ulinzi Ghuba, kwenye kambi ya taifa jingine kubwa, lenye njia zake za mafuta na meli zake. Husnah analinda geti. Mama yake, Ruqaiya, ameniambia mzee hakugomba. Aliketi tu, akamwomba mjukuu asiende. Husnah akajibu kwamba hapa Kampala kazi hakuna, na jajja, babu yake, anajua. Kweli alijua. Akamwombea dua, akamsindikiza.

Wiki iliyopita makombora yakaanza kuruka huko. Mzee hakubanduka kwenye redio. Taifa lile likatangaza kwamba linawaondoa watu wake kambini.

"Baba alirudia hayo tu," Ruqaiya anasema. "Watu wake. Watu wake. Halafu akashika kifua."

Presha ikamchukua papo hapo, chai ikiwa bado mezani.

Pole sana Ruqaiya. Pole Mama Habibah, mjane wake. Pole jamaa wote wa Kawempe na Bombo. Na ninyi mnaonisikiliza, wakubwa wakitangaza mpango mpya wa dunia, msikimbilie kushangilia upande. Ulizeni kwanza nani amewekwa getini, na ni mtoto wa nani.

Simu ya Husnah haipatikani tangu Jumatano. Hajui kwamba jajja yake amekufa. Mwenye ndugu kwenye kambi ile amwombe amtafute Husnah, amwambie apige nyumbani. Naogopa, wapendwa, siwafichi. Ruqaiya ameniomba niseme hivi: msiba asielezwe, mama atamweleza mwenyewe. Kwa sasa anataka tu kumsikia akisema halo.