Boneti

Kijiwe chetu kiko Mtaa wa Mchikichi, nyuma ya soko: benchi moja na birika la kahawa la Kitwana. Wiki iliyopita Samson, muuza maji ya chupa, alifia pale mbele yetu. Chupa ilimdondoka, akainama kuiokota mbele ya gari kubwa jeusi, V8, lililoegeshwa. Jaimin wa duka la vitambaa, mwenye gari, akaliwasha, akaondoka na kumkanyaga. Asubuhi ninayoisimulia tulikuwa wanne: mimi, Kitwana, fundi gari Khalfani tunayemwita Spana, na Pantaleo, dalali wa magari, maarufu Bei Poa.

— Jaimin kaapa hakuona mtu, alisema Bei Poa. Mchana kweupe, unamkosaje mtu mzima?

— Jini, alisema Kitwana akimimina. Haya magari yanalala bandarini, hujui nani kapanda njiani.

— Mi nasikia huko lilikotoka lilishaua, alidakia Bei Poa. Limezoea.

Spana akaweka kikombe chini.

— Jana nimeletewa lile gari gereji. Nikakaa kwenye usukani, nikamwambia mwenzangu Ridhiwani akasimame mbali mbele ya gari, halafu anisogelee taratibu. Nikamwona mpaka kifuani. Alipofika kwenye boneti, kichwa tu. Akachuchumaa.

— Ikawaje?

— Hayupo. Nikamwita, akaitika. Sauti iko pale pale, mtu hakuna. Naona boneti na mtaa mtupu. Nikamwita tena, akacheka. Nilishuka mbio.



— Na bado watu wanayagombania, alisema Bei Poa polepole. Mtu akikaa juu kule anajiona salama, barabara yote yake. Hata hilo la Jaimin limeshapata mteja.

— Umemwambia liliua? aliuliza Spana.



— Mteja kataka libadilishwe rangi, alisema Bei Poa. Linapigwa leo.

Hapo akatokea dada mmoja, kajifunga kanga nyeusi.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Naitwa Selina. Samson ni kaka yangu. Nimekuja kuona alipolala.

Spana akasimama, akamwonyesha. Selina aliinama, akagusa lami kwa kiganja. Kisha akauliza gari liko wapi. Bei Poa akamjibu kwa shida kwamba limeuzwa, tena linabadilishwa rangi.

— Mi napita hapa kila siku kwenda kazini Posta, alisema Selina. Nikivuka, nitalijuaje?

Gari kubwa jeupe, boneti juu kama la Jaimin, likakunja kona taratibu, vioo vyeusi. Sote tukapandisha miguu kwenye benchi.